Uchambuzi wa MAAS: Kuziandaa Seva Kabla Klasta Haijasimama

Assalamu alaikum, ndugu watazamaji, na karibuni nyote mnaotufuatilia kutoka Malindi, Watamu, Lamu na kwingineko. Bidhaa tunayoichambua leo ni MAAS, programu huria ya kampuni ya Canonical, ile ile inayotengeneza Ubuntu. Kazi yake ni kuzichukua seva tupu, zisizo na mfumo wowote ndani ya diski, na kuzifikisha mahali ambapo klasta ya Kubernetes, yaani kundi la seva zinazoendesha programu kwa pamoja kama mashine moja, inaweza kusimikwa juu yake bila mtu yeyote kuchomeka kifaa cha USB wala kuunganisha skrini na kibodi. Programu hii ilianza kutolewa mwaka 2012, na haina malipo kwa anayetaka kuitumia peke yake bila mkataba wa msaada.

Naomba tuelewane mapema juu ya kipimo nitakachokitumia. Klasta nyingi zinazoyumba huwa zimekwisha kuharibika kabla ya Kubernetes kuwekwa, kwa sababu seva tatu zilizodhaniwa kuwa sawa hazikuwa sawa: moja ina programu dhibiti (ile iliyomo ndani ya kifaa chenyewe) ya zamani, ya pili ina diski iliyochoka, na ya tatu saa yake inachelewa. Usimikaji wa kiotomatiki hauziponyi tofauti hizo, bali huzieneza kwa kasi. Kwa hiyo siipimi MAAS kwa wepesi wake wa kusakinisha Ubuntu. Ninaipima kwa jambo moja, nalo ni kama inaniambia ukweli kuhusu seva kabla sijaikabidhi kazi ya watu.

Hapa mezani mnaona seva tatu za Dell PowerEdge zilizokwisha kutumika, kompyuta ndogo moja itakayobeba MAAS yenyewe, swichi inayokubali VLAN (mitandao iliyotengwa ndani ya swichi moja), na UPS, yaani betri ya akiba ya umeme. Nimechagua seva zilizotumika kwa makusudi, maana ndizo ambazo hoteli, shule na vyama vya ushirika vya huku kwetu vinaweza kuzimudu. Kabla ya kuziwasha, zifungueni na kuzikagua. Hewa ya bahari hubeba chumvi, na chumba kikiachwa madirisha wazi wakati wa kusi, chumvi hiyo hutua kwenye meno ya RAM na kwenye matundu ya kebo za mtandao. MAAS inaweza kuonyesha kwamba kumbukumbu ina hitilafu, lakini haiwezi kuwaambia kwamba sababu ni kutu. Hilo bado ni jukumu la macho na mikono ya fundi.

Sasa tuingie kwenye maandalizi ambayo programu yenyewe haiwezi kuwafanyia. La kwanza ni BMC, kile kidhibiti kidogo kilichomo ndani ya seva ambacho hubaki hai hata seva ikiwa imezimwa, na ambacho Dell hukiita iDRAC. MAAS huzungumza nacho kwa itifaki ya IPMI, iliyoanza mwaka 1998, au kwa Redfish, ambayo shirika la DMTF lilitoa mwaka 2015, na kupitia kwake huzima na kuwasha seva kwa mbali. Ikiwa BMC haifikiki, MAAS hupoteza mkono wake, na kila seva itahitaji mtu wa kwenda kubonyeza kitufe.

Nasisitiza jambo la usalama hapa kwa sababu nimeona likipuuzwa mno. IPMI ya toleo la 2.0 ina udhaifu ulio ndani ya muundo wake wenyewe: anayejua jina la mtumiaji anaweza kuiomba BMC impe hashi ya nywila (nywila iliyogeuzwa kuwa msimbo) hata kabla hajathibitishwa, kisha akaenda kuipasua hashi hiyo kwa utulivu nyumbani kwake. Hakuna mpangilio wa kuuondoa udhaifu huo madhali IPMI ya mtandaoni imewashwa. Kinga ya kweli ni kuweka BMC zote katika VLAN yake, isiyofikika kutoka kwenye mtandao wa wageni wala wa ofisi, na mlango wa UDP 623, ambao IPMI huutumia mtandaoni, usionekane kabisa kwenye intaneti. Mjue pia kwamba MAAS inapoikagua seva kwa mara ya kwanza hujitengenezea mtumiaji wake ndani ya BMC, anayeitwa maas. Ni jambo la kawaida na lina manufaa, ila mwenye seva anapaswa kuambiwa.

La pili ni mpangilio wa BIOS, programu inayoiamsha seva kabla ya mfumo wake kuanza. Mpangilio wa kuwaka uanze na mtandao, na ubaki hivyo siku zote, hata baada ya mfumo kusakinishwa, kwa kuwa kila seva inapowaka huiuliza MAAS ifanye nini, nayo MAAS huiambia iendelee na diski yake. Seva zote ziwe katika UEFI, njia mpya ya kuwaka, au zote katika njia ya zamani ya BIOS. Mchanganyiko huleta matatizo ambayo ni magumu kuyafuatilia. Programu dhibiti zisasishwe hadi toleo moja kwenye seva zote tatu, na uwezo wa kuendesha mashine pepe uwashwe ikiwa mtauhitaji baadaye.

La tatu ni DHCP, huduma inayozigawia mashine anwani za mtandao. Seva inayowaka kwa mtandao hutumia PXE: huomba anwani ya IP, hupewa anwani pamoja na mahali pa kupata faili la kuanzia, kisha hulipakua. Katika VLAN hiyo kuwe na mtoaji mmoja tu wa anwani. Rauta ya mtoa huduma za intaneti ikiwa nayo inagawa anwani katika mtandao ule ule, seva itamsikiliza aliyewahi kujibu, na mara nyingine itawaka vizuri na mara nyingine itagoma, na fundi atahangaika akitafuta kosa ndani ya seva ilhali kosa liko nje. Iacheni MAAS igawe anwani yenyewe katika VLAN yake.

Baada ya hayo ndipo MAAS inapoanza kuonyesha thamani yake. Kama mnavyoona kwenye kiolesura, ambacho hufunguliwa kwa kivinjari kupitia mlango 5240, seva zimewaka kwa mtandao na kujiandikisha zenyewe zikiwa katika hali ya mpya. Nikiamuru ukaguzi, kila seva huwashwa, hupokea Ubuntu ya muda inayokaa ndani ya RAM bila kuigusa diski, huorodhesha vichakato, kumbukumbu, diski na kadi za mtandao, kisha huzimwa. Hapa hapa ndipo ninapoiona bidhaa hii kuwa ya kipekee, kwa sababu pamoja na orodha hiyo huja majaribio. Jaribio la chaguo-msingi husoma hali ya diski kwa smartctl, lakini msiishie hapo. Chagueni memtester kwa ajili ya RAM, stress-ng kwa ajili ya kichakato, na jaribio refu la smartctl kwa kila diski, hata kama itabidi seva zilale usiku kucha zikifanya kazi hiyo. Joto la Malindi lenyewe ni sehemu ya jaribio: seva inayostahimili stress-ng katika chumba chenye kiyoyozi huko Nairobi huenda ikapunguza kasi yake yenyewe katika chumba chenu cha pwani, na ni heri mlijue hilo kabla ya klasta kuwepo.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote ni fio, linalopima kasi ya diski. Kubernetes huhifadhi hali yake yote ndani ya hifadhidata iitwayo etcd, na etcd haikubali kwamba jambo limeandikwa mpaka diski ithibitishe kuwa kweli limeandikwa. Waandishi wa etcd wanashauri kwamba asilimia 99 ya maandiko hayo yathibitishwe ndani ya milisekunde 10. Diski za kuzunguka kwa kawaida hazifikii kiwango hicho kwa uthabiti, na matokeo yake ni klasta inayobadilisha kiongozi, yaani seva inayoongoza etcd, mara kwa mara bila sababu inayoonekana. Nami huziwekea tagi maalumu, yaani lebo, seva zilizofaulu, ili usimikaji wa kiotomatiki usije ukaiweka etcd juu ya diski isiyoiweza. Tagi hiyo ndogo imebeba uamuzi mkubwa, nayo hubaki ndani ya MAAS hata fundi aliyeiweka akiondoka.

Tuje kwenye intaneti, jambo ambalo wachambuzi walio katika miji yenye nyaya nyingi hulipita haraka. Kebo za baharini kama SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na sisi tulio kaskazini ya pale tunategemea pia njia za nchi kavu. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadhoofika. Mtu aliyekuwa anasimika klasta siku ile kwa kupakua kila kitu kutoka ng'ambo, seva moja baada ya nyingine, kazi ilimfia mikononi. MAAS hupakua taswira za mfumo, yaani nakala kamili za kusakinishia, mara moja, huzihifadhi, na kuzigawa kwa seva zote ndani ya jengo. Aidha huja na proksi inayohifadhi vifurushi vya Ubuntu, hivyo kifurushi kilichoombwa na seva ya kwanza hakipakuliwi tena kwa ajili ya pili na ya tatu. Kwa mtu wa pwani, sifa hii peke yake inatosha kuifikiria bidhaa kwa uzito. Lakini proksi hiyo haihifadhi kontena za Kubernetes, yaani programu zilizofungwa pamoja na vyote zinavyohitaji, kwa hiyo panahitajika hifadhi ya kontena ya ndani, nayo ni kazi ya kando.

Umeme nao una masharti yake. Umeme ukikatika kisha ukarudi, seva zote huamka kwa pamoja, na ikiwa MAAS haijaamka, zitasubiri jibu la mtandao, zikose, ndipo ziende kwenye diski. Iwekeni MAAS kwenye UPS iliyo imara kuliko zote, na katika BIOS ya seva mchague zirudi kwenye hali ya mwisho zilipokuwa, pamoja na kuchelewa kidogo kabla ya kuwaka. Dell wanaruhusu ucheleweshaji huo uwe wa nasibu au wa muda mtakaoupanga. Ucheleweshaji unaotofautiana huiokoa pia jenereta na ule mzigo wa ghafla.

Nisiwafiche mapungufu. MAAS husambazwa kama snap, aina ya kifurushi cha programu cha Ubuntu, na snap hujisasisha zenyewe, kwa kawaida zikikagua mara nne kwa siku, jambo lisilofaa kwenye kiunganishi cha kulipia kwa data wala katikati ya usimikaji. Chagueni mkondo wa toleo moja, na mzuie usasishaji mpaka wakati mtakaoutaka. Pili, maelekezo ya kuanza haraka huwapeleka watu kwenye hifadhidata ya majaribio iitwayo maas-test-db, na wengi huiacha hapo hapo hadi inakuwa ya kazi. Hiyo haifai. Wekeni PostgreSQL ya kweli, na mwe na nakala yake nje ya mashine hiyo, kwa sababu tagi, anwani na siri za BMC zote zimo humo. Tatu, kompyuta za mezani zisizo na BMC zinaweza kuandikishwa kwa njia ya kuwashwa kwa mkono, lakini hapo hakuna tena uotomatiki wa maana, na mwenye kompyuta tatu za namna hiyo nadhani atahudumiwa vyema zaidi na faili la usakinishaji wa kiotomatiki la Ubuntu pamoja na Ansible, zana ya kusanidi mashine nyingi kwa maagizo yaliyoandikwa.

Seva zikishakuwa tayari, usimikaji wenyewe ni mfupi. Terraform, zana ya kuomba miundombinu kwa faili la maandishi, ina kiunganishi cha MAAS, kwa hiyo faili moja laweza kuomba seva tatu zenye tagi ile niliyoitaja, na cloud-init, programu inayoisanidi seva inapowaka mara ya kwanza, ikatekeleza maagizo ya mwanzo. Kabla ya hapo wekeni ukubwa wa swapu (sehemu ya diski inayotumika kama RAM ya ziada) kuwa sifuri katika mpangilio wa kila seva, kwa sababu kubelet, wakala wa Kubernetes ndani ya kila seva, hukataa kuanza kwa kawaida inapoikuta. Hakikisheni saa zinafuata chanzo kimoja cha NTP (itifaki ya kulinganisha saa), majina ya seva hayafanani, na mlango 6443 wa API, ambako Kubernetes hupokea amri, pamoja na 2379 na 2380 ya etcd inapitika baina yao. Seva ya nne ya usimamizi haiongezi ustahimilivu: etcd ya wanachama watatu huvumilia kupoteza mmoja, na ya wanne huvumilia mmoja vile vile.

Limebaki suala la kuziachilia seva, ambalo wateja huliuliza mara chache kuliko inavyostahili. Mkimaliza kazi na seva na kuirudisha kwenye hali ya kuwa tayari, MAAS kwa chaguo-msingi haifuti diski zake. Data ya wageni wa hoteli au kumbukumbu za wanafunzi hubaki pale pale, hadi seva itakapouzwa tena sokoni na kufunguliwa na mtu mwingine. Nendeni kwenye mipangilio ya hifadhi, mwashe ufutaji wa diski wakati wa kuachilia, na mpe kipaumbele ufutaji salama unaofanywa na diski yenyewe pale inapouwezesha. Ule wa haraka hufuta mwanzo na mwisho wa diski tu. Kisha, kabla ya kuitoa seva nje ya jengo, ingieni kwenye BMC na mumwondoe yule mtumiaji maas kwa mkono.