Kutoka Fuoni hadi Bububu bila kupitia mjini: uzoefu wangu wa abiria

Kwa anayekaa Fuoni na kufanya kazi Bububu, kama mimi, huduma ya daladala ya Unguja ina sura mbili. Ukitaka kwenda mjini huna la kulalamikia, kwani gari za Fuoni hupishana tangu alfajiri, na 502 ya Bububu ni miongoni mwa njia zisizomchosha mtu kwa kungoja. Tatizo huanza pale ambapo mjini siko unakokwenda, kwa sababu njia zetu zimechorwa kama vijiti vya mwavuli vinavyokutana mjini, na anayetaka kutoka kijiti kimoja kwenda chengine hana budi kupanda hadi kileleni na kushuka tena.

Safari hii nimeifanya kwa namna mbili. Kupitia mjini ni gari mbili na nauli mbili, lakini unaingia katika msongamano wa asubuhi pamoja na watu ambao wana shughuli huko, ilhali wewe huna. Kuteremka Amani, kutafuta gari ya kukufikisha Mtoni kwa barabara ya Amani–Mtoni, kisha kumalizia kwa 502, ni mwendo mfupi zaidi, ila ni gari tatu na nauli tatu. Kwa hiyo anayekwenda masafa mafupi ndiye anayelipa zaidi, jambo ambalo sijaona mtu akilieleza kwa hoja inayoridhisha.

Asubuhi hali inavumilika. Pale Mtoni 502 huja na nafasi, kwa kuwa wengi wakati huo wanaelekea mjini na sisi tunakwenda kinyume chao. Jioni ndiyo mtihani: gari za Fuoni hufika Amani zimeshajaa, konda anakupungia mkono tu, na wakati wa masika kungojea hapo bila ya kibanda kunakuchosha kuliko safari yenyewe.

Siwalaumu madereva. Dereva ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari kila siku, na stendi ya mjini inamhakikishia kujaza kabla ya kuondoka. Hata hivyo, naamini njia ya moja kwa moja ya Fuoni, Mwanakwerekwe, Amani, Mtoni hadi Bububu ingemlipa, kwa kuwa abiria wake wangeshuka na kupanda katikati ya safari, na kiti kimoja kingeuzwa mara mbili kabla gari haijafika mwisho. Asichoweza dereva ni kuianzisha peke yake katika wiki za mwanzo, kabla watu hawajaizoea. Hapo ndipo mamlaka inayotoa leseni za njia inapohitajika.

Mahitaji yapo. Sensa ya 2022 iliuhesabia Mkoa wa Mjini Magharibi watu 893,169 kati ya 1,889,773 wa Zanzibar nzima, na safari yangu huanzia Wilaya ya Magharibi B na kuishia Magharibi A, bila ya haja ya kufika katikati ya mji. London, ambako treni nyingi nazo huelekea katikati, ilianza mwaka 2023 kuunganisha vitongoji vyake kwa mabasi ya Superloop, ambayo huzunguka pembezoni mwa jiji na kusimama vituo vichache. Sisi hatuhitaji mradi wa ukubwa huo. Coaster chache zinazoondoka kwa saa zinazojulikana, asubuhi na baada ya Alasiri, zingetosha kuanzia.

Nina ombi moja kwa watakaopanga njia hiyo: wasihesabu gari wala abiria wa stendi, kwa maana stendi itawaambia kwamba kila mtu anakwenda mjini, na ni kweli, kwa kuwa ndiko gari ziendako. Wasimame Amani na Mtoni, wamuulize kila anayebadilisha gari ametoka wapi na anaishia wapi. Mpaka hapo nitaendelea na gari zangu tatu, na kwa safari za mjini daladala zetu nazipa alama nzuri bila ya kusita.