Hosteli ya wazazi wanaouguza watoto Dar: uzoefu wangu

Mwanangu anatibiwa saratani ya damu, ile wanayoiita ALL, na tiba yake huchukua miaka miwili hadi mitatu. Sisi ni wa Masasi. Miezi ya mwanzo yenye dawa kali, huwezi kuja Dar na kurudi kwa basi kila kemo, yaani kila awamu ya dawa hizo za saratani: ni zaidi ya kilomita 500, na mtoto aliyeshuka chembe nyeupe za damu, zile za kinga, hatakiwi kubanana na watu wanaokohoa. Ndiyo tukahamia hosteli hii, jirani na hospitali. Kulala ni bure, chakula unajitegemea.

Kilichonifaa kuliko vyote ni jiko, kuliko hata kitanda. Wodini nilikuwa natandika kanga sakafuni na kununua chakula nje, na chakula cha nje wauguzi walishatukataza: kachumbari, matunda yaliyokatwa barabarani, kiporo. Hapa unachemsha maji yako, mtoto anakula kikiwa cha moto. Halafu kuna vidonge vya deksamethasoni, mojawapo ya dawa za tiba yake. Mzazi mwenzangu, vile vinaleta njaa! Saa nane usiku mtoto anadai wali, na akinyimwa ni kilio nyumba nzima. Akishavimaliza, hataki hata kusikia harufu ya mafuta. Bila jiko ningefanyaje? Gesi tunachangishana, na alfajiri kuna foleni, kwa sababu wote tunawahi kliniki watoto watolewe damu ya vipimo.

Cha pili ni akina mama waliotangulia. Mmoja wa Kigoma ndiye aliyenisisitizia kununua kipimajoto changu mwenyewe. Joto likifika 38, hakuna kusubiri kukuche, wala kumpa panadol kwanza "tuone", maana inaficha homa wakati mtoto hana kinga. Wodini nilishaambiwa, lakini siku ile niliitikia tu, kichwa hakikuwepo.

Sasa kasoro. Geti hufungwa saa nne usiku, na tulipofika ufunguo alikuwa anakaa nao matroni. Usiku mwanangu alipochemka, tulimsubiri mpaka nikaanza kupima urefu wa ukuta. Tulilalamika, sasa mlinzi anao wake. Wanaume hawaruhusiwi kulala humo, hata baba anayeuguza peke yake. Mume wangu akija anakwenda gesti, na hiyo ni hela. Soketi za umeme ni chache kwa simu za watu wote wale.

Na kuna siku mwenzako anarudi peke yake kuchukua beseni na nguo. Hilo hakuna hosteli inayoweza kulizuia. Uongozi walimwacha akae mpaka ndugu zake walipompata usafiri, hawakumharakisha, na kwangu hilo lina uzito kuliko rangi mpya ukutani.

Naipa nyota nne.

Ukitaka nafasi, usiende getini na mabegi. Anza kwa ofisa ustawi wa jamii wa wodini, yeye ndiye anayeandika barua, nawe uwe na kadi ya kliniki ya mtoto. Mwambie mapema, kabla daktari hajamruhusu mtoto, maana vyumba hujaa. Beba sufuria yenye mfuniko, chandarua, ndoo, na kufuli la kabati.