Kipimajoto cha kidijitali kinachosoma hata joto la chini

Kipimajoto hiki nilikinunua kwa shilingi 8,000 katika duka la dawa hapa Njombe, wiki moja kabla ya kujifungua mwezi Juni, na ninakipendekeza kwa sababu ambayo muuzaji hakuigusia kabisa, kwani yeye alizungumzia homa tu. Kile cha zebaki alichonacho bibi wa mtoto kinaanzia nyuzi 35, na zebaki yake haishuki usipokikung'uta kwanza, ilhali hiki hushuka hadi 32.

Siku ya tano, baada ya kumwogesha mtoto jioni, niliona nyayo zake zimepoa na hataki kunyonya. Nilimpangusa kwapa likakauka, nikaweka ncha katikati yake, nikaubana mkono wake mbavuni mpaka kipimajoto kikalia. Kilisoma 35.8, wakati joto la kawaida la mtoto mchanga ni kati ya 36.5 na 37.5. Nilimvua nguo zote isipokuwa nepi, kofia na soksi, nikamlaza kifuani pangu ngozi kwa ngozi, bibi yake akatufunika blanketi. Baada ya saa moja kilisoma 36.6, naye akashika ziwa.

Kesho yake nesi wa kliniki alinieleza jambo ambalo kila mzazi wa nyanda hizi za baridi angepaswa kuambiwa: "Mama, akishuka chini ya 35.5, au akilegea na kukataa ziwa hata kama ameshapata joto, mlete saa hiyohiyo huku umemkumbatia. Mtoto mchanga mwenye maambukizi anaweza kupoa badala ya kuchemka."

Kasoro zipo. Kioo chake hakina taa, kwa hiyo usiku lazima uwashe simu, na mkono usipobanwa vizuri kinasoma chini ya joto halisi, ndiyo maana mimi hupima mara mbili. Linalonisikitisha zaidi ni karatasi ya maelezo, ambayo haina hata neno moja la Kiswahili wala haisemi lolote kuhusu kupoa kwa mwili. Nimejiandikia mwenyewe kwa kalamu juu ya kasha: mtoto mchanga, chini ya 36.5 apashwe joto, chini ya 35.5 hospitali; mtu mzima, chini ya 35 hospitali, hasa akiwa amechanganyikiwa au ameacha kutetemeka ingawa bado ni wa baridi.