Fundi umeme wa Tabata kanitolea misi kwenye Corolla 110

Huyu fundi nampa nyota 4. Corolla yangu 110, ile ya injini ya 5A, asubuhi unapiga stata weee haiwaki, ikija kuwaka inatetemeka kama ina homa na inamisi, yaani silinda nyingine haichomi mafuta, mpaka injini ipate moto. Gereji ya kwanza wakanibadilishia plagi zote 4 na pampu ya mafuta juu, hela imeenda na ugonjwa uko palepale! Huyu hakugusa spea kwanza, akasema gari ilale hapa, asubuhi ikiwa bado ya baridi akaiwasha akawa anachomoa plagi waya moja moja, kufika silinda namba 3 kachomoa mngurumo haujabadilika hata kidogo, basi mgonjwa ndo huyo. Kufungua kifuniko cha distributa, ile inayogawa umeme kwenda kwenye plagi, kuna ufa mwembamba kama unywele, umande ukiingia humo moto wa umeme unavujia pembeni, plagi haipati kitu. Tumeweka kifuniko kipya na rota yake, kile kipande kinachozunguka ndani, sasa hivi nikigusa ufunguo tu imewaka. Nyota moja nimekata sababu ya foleni, halafu simu hapokei kabisa.