Ziara ya kuongozwa Tansania-Park, Hamburg: uzoefu wangu

Naishi Hamburg mwaka wa sita sasa, na bado Watanzania wengi ninaokutana nao hapa hawajui kwamba mtaa wa Jenfeld kuna bustani yenye jina la nchi yetu. Mimi mwenyewe nilichelewa kwenda. Mwezi uliopita nikalipa euro 15 nikajiunga na kikundi cha watu tisa, saa mbili za kutembea, maelezo kwa Kijerumani. Nawaandikia wanaofikiria kwenda.

Kwanza, msipeleke watoto mkitarajia bembea. Ni kiwanja chenye uzio, geti linafungwa kwa ufunguo, na bila kupanga mapema huingii. Jirani yake ilikuwa kambi ya jeshi iliyojengwa miaka ya 1930, ikapewa jina la Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanajeshi walihama 1999. Majengo yalipewa majina ya wakubwa wa kikoloni, mmojawapo Lothar von Trotha, yule aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero wa Namibia mwaka 1904. Bustani ilizinduliwa 2003. Waziri Mkuu wetu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alikuwa ametarajiwa, lakini mradi ulipingwa na hakufika.

Kinachowaleta watu ni michongo miwili mikubwa ya udongo wa kuchoma, kazi ya Walter von Ruckteschell. Upande mmoja askari wetu, yaani Waafrika waliotumikia jeshi la kikoloni la Wajerumani, wanaongozwa na Mjerumani. Upande mwingine wapagazi wanaongozwa na askari. Nilisimama mbele ya wale wapagazi muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Hapa muongozaji alifanya kazi nzuri sana, na namsifu kwa dhati. Alitueleza maisha ya huyu msanii hatua kwa hatua. Alizaliwa St. Petersburg 1882. Kabla ya vita alifika Afrika Mashariki na mkewe Clary, naye msanii, kwa ajili ya kuchora. Vita vya 1914 vikamkuta huko, akavaa sare, akawa msaidizi wa Lettow-Vorbeck. Kwa hiyo aliona kwa macho yake mwenyewe: misafara, maiti, mashamba yaliyovunwa na jeshi. Aliporudi Ujerumani alimsaidia jenerali kuandaa kitabu cha vijana cha 1920, "Heia Safari!", na michoro yake ikaingia kwenye kumbukumbu za jenerali. Neno letu safari likageuzwa kuwa wito wa kuwapa vijana wa Kijerumani hamu ya makoloni yaliyopotea. Mwishoni mwa miaka ya 1930, utawala wa Hitler ulipokuwa ukidai makoloni yarudishwe, yeye ndiye aliyetengeneza hii michongo inayosimama Jenfeld. Alifariki 1941.

Mkono wake ni hodari, lazima niseme. Anajua mwili unavyoegemea mguu mmoja mtu akitembea na mzigo. Ndiyo maana kazi yake inaniumiza. Mchoraji asiyejua kitu ningemsamehe. Huyu alijua, akachagua kuwaonyesha wapagazi wameshiba.

Mimi ni Mgogo wa Dodoma. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa akihesabu umri wa wakubwa zake kwa Mtunya: huyu alizaliwa kabla, huyu baada. Mtunya ni njaa ya 1917 hadi 1920. Jeshi la Wajerumani na kisha la Waingereza yalichukua nafaka na ng'ombe, wanaume wakakamatwa kubeba mizigo, halafu mvua ikakataa. Bibi hakuwahi kusimulia habari hiyo akiwa na chakula mbele yake. Alisukuma sahani kwanza.

Ndipo penye lawama yangu. Kwa saa mbili nzima njaa ilitajwa kwa sentensi moja. Na neno "waaminifu" lilirudiwa kuhusu askari bila mtu kuuliza walilipwa nini. Nilinyoosha mkono nikamuuliza muongozaji kama anamjua Bayume Mohamed Husen. Hakumjua.

Husen alizaliwa Dar es Salaam 1904, akawa askari akiwa mtoto, baba yake pia alikuwa askari. Alikuja Ujerumani 1929, akaidai serikali mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Akakataliwa. Aliomba nishani ya waliopigana vitani, akanyimwa. Akafundisha Kiswahili chuo kikuu Berlin, akaigiza kwenye filamu za kuusifu ukoloni, na mwaka 1941 akakamatwa. Alifia kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Utawala uleule uliosimamisha askari wa udongo Hamburg ulimuua askari wa nyama na damu huko. Ukisimama Jenfeld bila kulisikia jina hili, umeona nusu tu.

Nilipomaliza kusimulia, kikundi kilinyamaza. Mama mmoja wa makamo aliniomba nimwandikie jina kwenye daftari lake, nikamwandikia kwa herufi kubwa. Muongozaji naye alipiga picha ile karatasi, akasema ataliweka kwenye maelezo yake. Nilimwamini.

Natoa nyota tatu kati ya tano. Maelezo ya msanii yanastahili tano. Kuhusu watu aliowachonga, mbili. Kama Kijerumani chako si kizuri, nenda na anayekijua, kwa sababu vibao pekee havitoshi. Panda basi kutokea Wandsbek Markt, na uvae viatu vya kukanyaga majani mabichi. Na ukifika Berlin, pita Brunnenstraße 193. Kuna kijiwe cha shaba cha kumbukumbu kimechimbiwa njiani chenye jina la Husen. Mimi nilikifuta vumbi kwa leso.