Asetoni au thina? Kutoa rangi kwenye maandishi ya bunduki

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena kutoka hapa Tabora. Mezani nina chupa tatu, na nawalenga wenzangu mnaomiliki silaha kwa kibali: rangi ikishajaa kwenye maandishi yaliyochongwa ubavuni mwa bunduki, unaitoaje bila kuyaharibu maandishi yenyewe?

Kwanza usalama. Hii ni shotigani ya mitutu miwili. Nimeikunja, tazameni, vyumba vyote viwili vitupu, na risasi haziko humu ndani kabisa. Na wewe uanzie hapo.

Chupa ya kwanza ni dawa ya kufutia rangi ya kucha, ya duka la vipodozi. Nyingi zina mafuta na manukato, nyingine hazina asetoni hata kidogo, kwa hiyo soma lebo. Imefuta rangi ya juu, ndani ya herufi imegoma. Tuiache.

Ya pili, thina ya mafundi wa magari. Nguvu inayo. Ila thina ni mchanganyiko, na kila dumu lina wake, kwa hiyo ya leo ikikufaa, ya mwezi ujao inaweza kukusumbua. Harufu yake nayo nzito, usiitumie chumba kilichofungwa.

Ya tatu ni asetoni tupu, na hii ndiyo ninayoipa kura yangu. Tabu yake ni kuruka haraka. Inachemka kwenye nyuzi 56 tu, sasa kwa jua letu la Oktoba pamba inakauka kabla rangi haijalainika. Dawa yake ni hii: kata pamba ndogo itoshee maandishi tu, iloweshe, ibandike, kisha ifunike na kipande cha nailoni. Subiri dakika chache.

Nasogeza kamera. Mnaona hapa kwenye herufi R? Rangi nyeupe imekunjamana kama utando wa maziwa yaliyopoa. Sasa chukua kijiti cha meno, kifuate mfereji wa herufi taratibu, na kila mara kifute kwenye kitambaa. Kijiti cha mti, ndugu yangu! Sindano na bisibisi ni chuma kwa chuma, zinakula kingo za herufi, na kingo zikishalika hazirudi. Msasa ndiyo usiulete kabisa, hasa karibu na namba ya silaha. Ile namba ndiyo inayoitambulisha silaha yako kwenye kibali, na kuifuta au kuibadili ni kosa kisheria. Sisi tunatoa rangi tu.

Weusi wa mtutu je? Ule weusi wa kiwandani, ambao chuma chenyewe kimetiwa dawa kikawa cheusi, asetoni haiuli. Siki na ndimu ndizo zinazoula, kwa hiyo anayekushauri ndimu mkatalie. Ila bunduki nyingine zimepakwa rangi nyeusi, hiyo itatoka. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Kitako changu ni cha mninga na kina vanishi, tone moja tu la asetoni linaacha doa, ndiyo maana nimekizungushia kitambaa. Plastiki nayo iepushe.

Kama rangi ilichanganywa na hadna, yaani dawa ya kuikaza rangi, asetoni haitaiyeyusha, labda iilegeze kidogo. Hapo mpelekee fundi silaha mwenye leseni.

Ukimaliza, paka mafuta ya bunduki hapo hapo, maana asetoni imeondoa mafuta yote na chuma kimebaki uchi. Mvua zikianza kutu haichelewi. Na kazi yote ifanyike mbali na jiko na sigara, mvuke wake unashika moto upesi mno.

Jambo moja bado. Bunduki nyingi zina alama nyekundu penye kitufe cha usalama, inayoonyesha kwamba silaha iko tayari kufyatua. Nayo ni rangi, na asetoni haichagui. Ibandike utepe kabla hujafungua chupa.