Hatua Saba kwenye sala ya jumuiya: nyota nne kati ya tano

Jumuiya inayochoka kusali rozari, kutangaza michango na kutawanyika huambiwa mara moja: jaribuni Hatua Saba. Ni ushauri mzuri. Utaratibu huu wa kushirikishana Injili ulibuniwa katika Taasisi ya Lumko ya Kanisa Katoliki, Afrika Kusini, nao ukaikuta Afrika Mashariki tayari na mahali pa kuutumia, maana maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walikwisha kuamua mwaka 1976 kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, yaani vikundi vya waamini majirani wanaosali pamoja, ziwe kipaumbele cha uchungaji. Tunaupa nyota nne. Ya tano imebaki mfukoni kwa sababu hauna kinga dhidi ya mwenyekiti anayependa kuhubiri.

Vifaa ni vichache: meza ndogo yenye kitambaa safi, msalaba, mshumaa, na angalau Biblia moja kwa kila watu wawili. Kwa Injili, Biblia yoyote inafaa. Ila siku mkitaka kusoma Hekima au Yoshua bin Sira, mwenye Biblia ya Kiprotestanti ya vitabu 66 atapekua mpaka mwisho bila kuona kitu. Somo la kawaida ni Injili ya Jumapili inayofuata, ili watu wafike kanisani wakiwa wamekwisha kuitafuna.

Hatua ya kwanza ni kumkaribisha Bwana, kwa sala fupi ya mtu mmoja. Ya pili ni kusoma: mwongozaji anataja kitabu, anangoja wote wafungue, ndipo anataja sura na mstari, kisha mmoja anasoma kwa sauti. Hapa hakuna la kuharibika, labda msomaji aliyekabidhiwa somo dakika hiyohiyo.

Ya tatu ndiyo roho ya jambo lote, na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote. Kila aliyeguswa na neno au kifungu kifupi anakitamka, polepole, mara tatu, bila maelezo. Tuseme mmesoma habari za Bartimayo, Marko 10:46-52. Mama mmoja anasema: "Anakuita." Kimya kidogo. "Anakuita." Kimya. "Anakuita." Basi, ameshamaliza. Mwingine anachukua pale watu wanapomkemea kipofu anyamaze. Neno likirudiwa hivyo, mtu aliyesikia Injili hiyo tangu utotoni anaanza kulisikia upya. Kosa la kawaida ni kusoma mistari mitatu mizima, au kutamka neno mara moja na kurukia ufafanuzi. Mwongozaji asione haya kusema kwa upole: "Neno tu, tafadhali, maelezo yatakuja." Baada ya maneno yote, somo lisomwe tena zima.

Ya nne ni ukimya, dakika tatu hadi tano. Mtu mmoja ashike saa, kwa kuwa bila saa dakika tatu hugeuka sekunde arobaini na kuna atakayeanzisha wimbo. Wimbo huo ni wa kukimbia kimya, kila mtu anajua.

Katika ya tano watu wanashirikishana kilichowagusa. Sharti ni kutumia "mimi": nimeguswa na hili kwa sababu hii. Ukisikia "kwa hiyo ndugu zangu hapa tunafundishwa", hapo mahubiri yameanza. Pia hakuna kujibizana wala kusahihishana, na siri ya mtu isitoke nje ya mlango huo. Mwanajumuiya aliyesikia habari zake kisimani Jumatatu harudi Jumamosi.

Pigeni hesabu kabla ya kuanza. Watu 10 wakizungumza dakika mbili mbili ni dakika 20, na sala nzima inaisha kwa saa moja na robo. Watu 30 ni saa nzima kwa hatua hiyo moja. Mama ntilie na dereva wa bodaboda watakuwa wameshaondoka. Jumuiya ikizidi kaya ishirini hivi, mjadili na paroko kuigawa.

Ya sita inauliza: Neno hili linatutaka tufanye nini mtaani kwetu? Hapa ndipo jumuiya nyingi hujikwaa, zikaandika "tuwatembelee wagonjwa" na kuishia hapo. Mgonjwa yupi, nani aende, siku gani? Bila majibu hayo matatu hakuna kazi. Vitabu vya kampeni ya Kwaresima vya maaskofu wa Kenya, vinavyofuata mtindo wa kutazama, kuamua na kutenda, vina nguvu zaidi upande huu, na jumuiya inayosuasua inaweza kuazima maswali yake. Ya saba ni sala za papo kwa papo, fupi, zikifungwa na Baba Yetu.

Michango ije baada ya yote. Zaka, ujenzi na rambirambi vina haki yake, lakini vikiingizwa kati ya hatua ya tano na ya sita watu hufunga Biblia na kufungua pochi, na hawarudi tena kwenye Injili. Chai nayo ina mtego: mwenyeji wa wiki hii akiandaa chapati na maharage, wa wiki ijayo mwenye kipato kidogo atatoa udhuru. Kubalianeni maji tu, kwa kila nyumba.

Lipo na la daftari la mahudhurio. Parokia nyingi hudai barua ya jumuiya kabla ya ubatizo au ndoa, na ni haki, ila hilo huleta watu wa kutia tiki wanaokaa karibu na mlango. Wape kazi ya kusoma somo au kushika saa.

Katibu atenge kurasa za nyuma za daftari hilo kwa hatua ya sita, safu tatu: kazi, nani, lini. Jumamosi inayofuata, kabla ya kutafuta kazi mpya, asome za wiki iliyopita kwa sauti na kila aliyetajwa ajibu. Kazi isiyofanyika iandikwe upya na tarehe mpya, na aliyeshindwa apewe mwenzake wa kwenda naye.